Maswali ya Wasomaji: Paula Deen, Savannah na Chungu cha Pwani

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu mapishi ya samaki, kamba na chaza katika pwani ya Kusini mwa Marekani ilimtaja Paula Deen, mpishi maarufu wa televisheni wa huko, katika aya moja tu, nami nilidhani kwamba aya hiyo ingetosha. Barua zilizofika mezani kwangu zimenionyesha vinginevyo. Nimechagua sita, na nimezijibu kwa urefu usiolingana kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito sawa.

*Bi. Mhariri, mliandika kwamba Paula Deen alipoteza kipindi chake cha televisheni kwa sababu ya neno moja alilolitamka zamani. Mume wangu anasema kwamba alishtakiwa kwa ubaguzi wa rangi akashindwa mahakamani. Mimi nakumbuka kwamba alishinda. Tafadhali tueleze kilichotokea, na kwa nini mgahawa wa vyakula vya baharini ulitajwa katika habari hiyo.*

Kila mmoja wenu ameshika kipande cha habari, na vipande vyote viwili vina kasoro. Nianze na mgahawa, kwa sababu ndiko mambo yalikoanzia. Uncle Bubba's Seafood and Oyster House ulikuwa mgahawa wa chaza, kamba na samaki uliokuwa pembezoni mwa mji wa Savannah, jimboni Georgia, nao ulimilikiwa na Deen pamoja na mdogo wake wa kiume, Earl Hiers, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bubba. Mnamo Machi 2012 mwanamke mmoja Mzungu, aliyewahi kuwa meneja wa mgahawa huo, aliwafungulia kesi. Alidai kwamba alinyanyaswa kijinsia kazini, na pia kwamba Hiers aliwatolea wafanyakazi Weusi maneno ya kibaguzi na kwamba wafanyakazi hao hawakutendewa sawa na wenzao Wazungu hata katika mambo kama mlango wa kuingilia na choo. Hayo yalikuwa madai, nayo hayakufika mahali pa kuthibitishwa au kukanushwa na hukumu.

Kilichomwangusha Deen ni maneno yake mwenyewe. Mei 2013 alihojiwa chini ya kiapo na wakili wa mlalamikaji, kama ilivyo desturi ya kesi za madai za huko kabla ya kesi kusikilizwa. Alipoulizwa kama amewahi kulitumia lile tusi zito ambalo kwa karne nyingi limetumika kuwadhalilisha Wamarekani Weusi, alijibu kwamba ndiyo, amewahi, akataja siku ambayo Mtu Mweusi mwenye silaha alimwelekezea bastola kichwani katika benki alikokuwa akifanya kazi zamani. Aliulizwa pia kuhusu harusi ya mdogo wake na wazo la kuipamba kwa mtindo wa mashamba makubwa ya Kusini, ambapo wanaume Weusi waliovaa koti jeupe wangewahudumia wageni. Hati ya mahojiano hayo ilipojulikana hadharani mwezi uliofuata, mambo yalikwenda mbio. Tarehe 21 Juni 2013 Food Network, kituo cha televisheni kilichorusha kipindi chake, kilitangaza kwamba hakitahuisha mkataba wake. Katika siku chache zilizofuata Smithfield, iliyouza nyama ya nguruwe kwa jina lake, ilijitenga naye, kisha maduka makubwa ya Walmart, Target na Home Depot yakafanya vivyo hivyo, na mchapishaji wake akafuta kitabu kipya cha mapishi ambacho tayari watu wengi walikuwa wamekiagiza.

Mahakama yenyewe ilisema nini? Agosti 2013 Jaji William Moore aliyatupilia mbali madai ya ubaguzi wa rangi kwa hoja kwamba mlalamikaji, akiwa Mzungu, hakuwa na haki kisheria ya kudai fidia kwa ubaguzi waliotendewa watu wengine. Madai ya unyanyasaji wa kijinsia yalibaki, na kabla ya mwezi huo kwisha pande mbili zikaimaliza kesi kwa makubaliano. Kwa hiyo hakushindwa, lakini si kweli pia kwamba alisafishwa. Jaji hakuamua kama ubaguzi ulikuwepo au haukuwepo. Aliamua tu kwamba aliyeulalamikia si yule ambaye ilisemekana alitendewa. Jambo hili hunisumbua kila ninaposoma habari hizi, kwa sababu watu waliofungua chaza na kukaanga kamba katika jiko lile, ambao heshima yao ndiyo iliyokuwa ikibishaniwa, hawakuwa upande wowote wa kesi. Mgahawa ulifungwa kwa ghafla Aprili 2014.

*Shikamoo Bi. Mhariri. Marehemu mama mkwe wangu, aliyeishi Georgia kwa miaka tisa, aliniachia kitabu cha mapishi cha Paula Deen, na humo ndimo nilimojifunza kupika kamba kwa uji wa chenga za mahindi. Rafiki zangu wananiambia kwamba kukitumia ni kumuunga mkono mbaguzi. Je, nikitupe? Na je, vyakula hivyo ni vyake kweli?*

Marahaba, mwanangu. Usikitupe, kwanza kwa sababu ni kumbukumbu ya mama mkwe wako, na pili kwa sababu swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, na utalijibu vizuri zaidi ukiwa na kitabu hicho mkononi.

Tumtendee haki mwenyewe kabla ya kuendelea. Deen alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Albany, jimboni Georgia, akajifunza upishi kwa bibi yake. Mwaka 1989, akiwa na pesa kidogo sana na wana wawili, alianza kufunga vyakula vya mchana nyumbani, na wanawe wakavipeleka maofisini mjini Savannah. Mgahawa wake wa The Lady & Sons ulifunguliwa katikati ya mji mwaka 1996, na mwaka 2002 akaanza kipindi chake Food Network. Huyu alifanya kazi kwa mikono yake, na chakula cha Kusini alikikuta kwao, hakukiazima kwa jirani. Ninachokilaumu ni namna chakula hicho kilivyouzwa kwa umma, kana kwamba kilizaliwa katika jiko la bibi mmoja wa Kizungu mwenye siagi nyingi, huku wale waliokilea wakibaki nyuma ya pazia.

Pwani ya Georgia na Carolina Kusini ni nchi tambarare ya vinamasi vya maji chumvi, hori zinazojaa na kukauka, na visiwa vingi vidogo. Wenyeji huiita Lowcountry. Katika karne ya 18 utajiri wake ulitokana na mpunga, na wamiliki wa mashamba walinunua kwa makusudi watu waliotoka katika maeneo ya Afrika Magharibi yaliyokuwa na ujuzi wa kilimo hicho, pamoja na wengine wengi kutoka Angola na Kongo. Kazi katika mashamba hayo iligawanywa kwa mtindo wa kipande: mtumwa alipewa kiasi cha shamba cha kumaliza kwa siku, na akimaliza, saa zilizobaki aliweza kulima bustani yake au kwenda majini. Lilikuwa nafuu dogo ndani ya dhuluma kubwa, lakini kwa upande wa upishi ndilo lililozaa kila kitu. Katika saa hizo watu walirusha kimia walizofuma wenyewe, wakanasa kaa, wakaokota chaza maji yalipokupwa, na jioni wakavipika pamoja na wali. Wamiliki wengi walikimbilia mijini majira ya joto kwa kuogopa malaria, hivyo visiwa vilibaki kwa sehemu kubwa ya mwaka na idadi kubwa ya Waafrika ambao lugha, imani na mapishi yao hayakufutika. Vizazi vyao ndio wanaoitwa Wagullah, au Wageechee kama wanavyojulikana zaidi upande wa Georgia. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majeshi ya serikali ya Muungano, yaani ya Kaskazini, yalipoiteka Port Royal, Carolina Kusini, Novemba 1861, wamiliki wa visiwa vya jirani walitoroka, na watu wengi walioachwa hapo hatimaye walipata ardhi yao wenyewe. Mwaka 2006 bunge la Marekani lilitambua rasmi ukanda wa urithi wa watu hao, kutoka Carolina Kaskazini hadi Florida.

Sasa fungua kitabu chako na upitie majina ya vyakula. Wali mwekundu uliopikwa kwa nyanya na nyama iliyokaushwa kwa moshi, bamia na kamba, kaa waliotolewa nyama ikaungwa viungo na kurudishwa katika gamba, samaki aliyeviringishwa katika unga wa mahindi akakaangwa: karibu vyote vinapita katika mikono hiyo. Msomaji wa Kiswahili atafurahia pia kujua kwamba gumbo, ule mchuzi mzito wa Louisiana wenye kamba, kaa na mara nyingi bamia, umepewa jina linalotoka katika lugha za Kibantu za Angola, ambako bamia huitwa kwa neno linalokaribiana na kingombo. Njugu huitwa huko Kusini *goober*, kutokana na *nguba* ya Kikongo.

Sitaki hata hivyo niondoe dai moja la uongo na kuweka jingine mahali pake. Uji wa mahindi ulikuwa chakula cha wenyeji wa asili wa Amerika kabla ya Mzungu au Mwafrika kufika. Unga wa majani ya sasafrasi unaotumika kuuongezea gumbo uzito ulitoka kwa Wachoctaw. Na ule unga wa ngano unaokaangwa polepole katika mafuta mpaka ugeuke rangi ya kahawia ni ufundi wa Kifaransa. Hata chakula chako unachokipenda kina njia ndefu. Kamba kwa uji wa mahindi kilikuwa kifungua kinywa cha wavuvi wa Lowcountry, kisichojulikana sana mbali na pwani, mpaka mpishi Bill Neal alipokiweka katika orodha ya mgahawa wake wa Crook's Corner mjini Chapel Hill, naye Craig Claiborne, mwandishi wa mapishi, akachapisha maelekezo yake katika gazeti la New York Times mwaka 1985. Tangu hapo kikaenea nchi nzima.

Baadhi ya majina yamehifadhiwa. Supu ya kaa jike yenye mayai yake, fahari ya mji wa Charleston, husimuliwa kuwa ilipata sura yake ya leo kwa William Deas, mpishi Mweusi katika nyumba ya meya wa mji huo, alipoandaa chakula cha Rais Taft. Na upo ushahidi wa karibu zaidi na kitabu chako. Dora Charles, mpishi Mweusi wa Savannah, alifanya kazi na Deen kwa zaidi ya miaka 20 na kuwafundisha wapishi wengine jikoni mwake. Julai 2013 aliliambia gazeti la New York Times kwamba kwa miaka mingi alilipwa chini ya dola 10 kwa saa wakati mwajiri wake akiwa tayari nyota wa televisheni. Upande wa Deen ulijibu kwamba malalamiko hayo yalihusu fedha na hayakuhusu rangi. Mimi naona jibu hilo halikutosha hata kidogo, kwa kuwa katika nchi ile fedha na rangi vimefungwa kamba moja tangu siku za mpunga. Mwaka 2015 Charles alichapisha kitabu chake mwenyewe cha mapishi.

Ushauri wangu ni huu: chukua kalamu, na katika ukurasa ule wa kamba andika pembeni majina haya uliyoyasoma hapa, ili bintiyo atakapokirithi kitabu ajue. Kisha, ukipata nafasi ya kununua kingine, mtafute Emily Meggett, mpishi wa Kigullah wa kisiwa cha Edisto, Carolina Kusini, aliyepikia familia za watu kwa miongo mingi na kuchapisha kitabu chake cha kwanza mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 89, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake.

*Mimi ni mgonjwa wa kisukari. Nilisikia kwamba Paula Deen naye ana ugonjwa huo na kwamba aliuficha. Je, chakula cha pwani ya Kusini ni hatari kwa mtu kama mimi?*

Pole sana, ndugu yangu. Ni kweli kwamba Januari 2012 Deen alitangaza kwamba ana kisukari cha aina ya pili, na kwamba alikuwa amegunduliwa nacho miaka mitatu kabla. Siku hizo hizo ilijulikana kwamba ameingia mkataba wa kulipwa na kampuni ya Novo Nordisk ili kuitangaza dawa yake. Watu walikasirika kwa sababu katika miaka ile mitatu aliendelea kuwaonyesha watazamaji vyakula vya kukaanga na siagi bila kuwaambia neno, na hasira hiyo nadhani ilikuwa ya haki, ingawa mwaka uliofuata ilifunikwa na kashfa kubwa zaidi.

Lakini siagi ya televisheni si kipimo cha chakula cha pwani. Katika visiwa vile mafuta yalikuwa haba. Kipande kidogo cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi kilitosha kuunga sufuria nzima ya kunde au majani, na kitoweo kilikuwa samaki wa siku hiyo. Chungu cha kamba ninachokieleza hapa chini hakina siagi hata kijiko, isipokuwa mtu akipenda kuchovya mezani. Kwako wewe vitu vya kuangalia ni wali, uji wa mahindi na viazi, ambavyo vyote ni wanga, pamoja na chumvi nyingi ya viungo vya kuchemshia, na kiasi chake ukipatane na daktari wako. Na chaza mbichi waache kabisa. Katika maji ya uvuguvugu ya pwani ile huishi bakteria aitwaye Vibrio vulnificus, ambaye huwadhuru vibaya zaidi watu wenye ugonjwa wa ini au kisukari. Chaza aliyeiva vizuri hana hatari hiyo.

*Naomba maelekezo kamili ya kile chungu cha kamba, mahindi na soseji. Kila nikikipika, kamba huwa wagumu kama mpira na viazi hubaki vibichi ndani.*

Tatizo lako ni moja tu: unavitia vyote pamoja. Chakula hiki, kinachoitwa Lowcountry boil, au Frogmore stew kwa jina la kijiji cha Frogmore katika kisiwa cha St. Helena, Carolina Kusini, ni chakula cha kuhesabu dakika. Husimuliwa kwamba mvuvi mmoja wa hapo ndiye aliyekipa umbo la leo katika miaka ya 1960 alipowapikia askari wenzake wa kikosi cha akiba kwa vitu alivyovikuta nyumbani, lakini kuchemsha mavuno ya hori katika chungu kimoja ni desturi ya watu wa visiwani iliyotangulia siku hiyo kwa muda mrefu.

Kwa watu sita, andaa kilo moja ya viazi vidogo, soseji za moshi gramu 700 zilizokatwa vipande vya urefu wa kidole gumba, magunzi sita ya mahindi mabichi yaliyokatwa nusu, na kilo moja na robo ya kamba wakubwa wenye maganda yao. Maganda usiyatoe, kwa sababu ndiyo yanayoilinda nyama na kuyapa maji ladha. Maji yawe mengi, yatiwe chumvi, vitunguu viwili, malimau mawili yaliyokatwa, na viungo vya kuchemshia vyakula vya baharini, ambavyo ni mchanganyiko wa mbegu za haradali na figili, jani la bay, pilipili na pilipili manga. Yaonje kabla ya kutia chochote: yakipooza katika maji, yatapooza katika sahani, na hakuna dawa ya baadaye.

Viazi hutangulia peke yake. Vichemke dakika 15 hivi, mpaka ncha ya kisu ipenye bila kusukumwa kwa nguvu. Usisonge mbele kabla ya hapo, hata saa ikikuhimiza. Tia soseji na uache dakika tano, kisha mahindi dakika nyingine tano au sita. Maji yakiwa yanatokota sawasawa, mimina kamba, koroga mara moja, zima moto na ufunike. Dakika mbili hadi tatu zinatosha. Mtazame kamba mwenyewe: akijikunja kama mundu ameiva, akijikunja kama pete umechelewa. Hapo hapo chuja maji yote, kwa sababu kamba anayeachwa katika maji ya moto huendelea kuiva hata jiko likiwa limezimwa, na nina hakika kwamba ndiyo sababu ya wale wa kwako kuwa mpira. Huko kwao humwagwa juu ya meza iliyotandikwa magazeti, na watu husimama kuizunguka wakila kwa mikono.

Maganda yaliyobaki usiyatupe. Yachemshe na kitunguu kwa nusu saa, uchuje, na supu hiyo utumie kesho yake kupikia uji wa chenga za mahindi, kikombe kimoja cha chenga kwa vikombe vinne vya supu na maji, kwa moto mdogo karibu saa nzima ukikoroga mara kwa mara. Chenga za papo kwa papo za pakiti sizipendi hata kidogo, kwani hazina ladha ya mahindi.

*Zaidi ya miaka kumi imepita. Mama huyu aliomba radhi mbele ya dunia nzima, akalia kwenye televisheni. Makampuni yaliyomwacha yalikuwa yakijali faida yao tu. Kwa nini hamumsamehi?*

Kuhusu makampuni nakubaliana nawe. Yalimkumbatia alipoleta faida na yakamwacha alipoleta hasara, na sioni mahali walipowafikiria wafanyakazi wa jikoni. Kuhusu kusamehe, sina mamlaka hayo, kwani mimi si niliyekosewa. Ninachoweza kufanya ni kuitazama ile radhi yenyewe. Siku ile ile ya Juni 21 alitoa video za kuomba msamaha, na tarehe 26 akahojiwa katika kipindi cha asubuhi cha NBC, ambako alilia na kusema kwamba kama yupo mtu ambaye hajawahi kusema neno alilolijutia, basi achukue jiwe ampige nalo. Niliyatazama mahojiano hayo kwa huruma, maana kuanguka kwa mtu hadharani si jambo la kufurahia. Lakini aliyekuwa akizungumza naye ni mtazamaji na mfadhili. Alijitetea kwamba yeye si mbaguzi, na kwa kujitetea hivyo swali la nani alipika, nani alilipwa na nani alitajwa halikupata nafasi.

Swali hilo liliulizwa na Michael Twitty, Mmarekani Mweusi mtafiti wa historia ya mapishi, katika barua ya wazi aliyomwandikia siku hizo. Barua hiyo ndiyo andiko lililo bora kuliko yote niliyoyasoma juu ya kashfa hii. Twitty hakupoteza muda mwingi kwa lile tusi. Alimweleza kwamba kinachomuuma zaidi ni kuona wapishi Weusi wakinyimwa jina na riziki katika upishi ambao wazee wao waliujenga, naye alimwita Deen binamu, kwa kuwa watu wa Kusini, Weusi kwa Weupe, ni watu wa jiko moja wapende wasipende. Mwisho akamwalika aje Septemba ya mwaka huo Stagville, Carolina Kaskazini, lililokuwa moja ya mashamba makubwa zaidi ya watumwa katika jimbo hilo, wapike na kula pamoja mahali ambapo wazee wa mmoja wao wangekuwa wakihudumu tu. Ukiniuliza msamaha unaoeleweka jikoni unafanana na nini, nitakuonyesha mwaliko huo.

*Nitakuwa Savannah kwa wiki moja mwezi Novemba kwa ajili ya mkutano. Niende wapi nikaonje chakula hiki?*

Mgahawa wa The Lady & Sons usiutafute, kwani ulifungwa mwishoni mwa Julai 2025. Weka nafasi mapema katika The Grey, uliofunguliwa Desemba 2014 ndani ya jengo la mwaka 1938 lililokuwa kituo cha mabasi cha Greyhound, enzi ambazo abiria Weusi na Weupe walingojea katika vyumba tofauti. Mpishi wake mkuu ni Mashama Bailey, mwanamke Mweusi ambaye mwaka 2022 alipewa tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya upishi ya Marekani, ya mpishi bora wa nchi nzima. Siku ukiwa huna mkutano, vuka mpaka wa jimbo uende kisiwa cha St. Helena, ilipo Penn Center, mahali palipoanzishwa shule ya watu waliotoka utumwani mwaka 1862. Kila Novemba hufanyika hapo sherehe za urithi wa Wagullah, na chakula huwa cha watu wenyewe.

Novemba ni msimu mzuri wa chaza, hivyo ukialikwa kwenye chaza wa kuchoma usikatae. Huko hukua vikiwa vimeshikana mafungu mafungu katika matope ya hori, huwekwa juu ya bati lililo motoni na kufunikwa gunia lililoloweshwa, kisha humwagwa mezani mara vinapoanza kufunuka. Utapewa kisu kifupi kisicho na makali na glavu moja nene. Ivae katika mkono unaoshikilia chaza, kwa sababu kingo za maganda hayo hukata kama wembe.